Kiti cha Shangazi Zuhura

Kuna harufu moja ambayo ikinipata popote hunirudisha Ruwi, mjini Maskati, kwenye sebule yetu ya ghorofa ya tatu: harufu ya ndimu kavu. Sizungumzii ndimu mbichi za kukamulia samaki. Nazungumzia zile zilizochemshwa kwa maji ya chumvi zikaanikwa juani mpaka zikawa nyeusi na nyepesi, ukiitikisa moja unazisikia mbegu zikicheza ndani. Katika soko la Matrah huuzwa kwa magunia, jirani na lubani na bizari, na mimi nikipita hapo na mifuko yangu ya mboga husimama, huchukua moja, nikainusa kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Muuzaji hudhani nachagua. Ukweli ni kwamba wakati huo nina umri wa miaka kumi, nimeshika upepeo wa ukili badala ya bakora, na ninafundisha Kiingereza.

Mwanafunzi wangu alikuwa mmoja tu, na umri wake ulikuwa miaka thelathini na nne. Jina lake Zuhura. Alikuwa shangazi yangu, ingawa sikuwahi kumtia machoni mpaka siku Baba alipomleta kutoka uwanja wa ndege wa Seeb, katikati ya miaka ya tisini, akiwa na mkoba mmoja wa kahawia na koti la sufi ambalo Maskati, nawaambieni, halina kazi hata siku moja ya mwaka.

Habari yake ni hii. Babu yangu, mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, aliwahi kwenda Msumbiji kibiashara. Alimuaga Bibi kwamba anakwenda kwa miezi mitatu. Alikaa miaka minne, na huko Nampula akaoa mke mwingine, akamzaa Zuhura. Kisha akarudi Unguja kwa Bibi kama mtu aliyechelewa sokoni, na baadaye wakahamia wote Maskati, ambako alifariki na siri yake ambayo kila mtu mzima wa ukoo aliijua. Miaka ikapita. Mama yake Zuhura alipofariki naye, Zuhura alimwandikia Baba barua. Barua yenyewe ilikuwa ya Kireno. Baba alizunguka nayo Ruwi kutafuta wa kuisoma, mpaka akaelekezwa kwa mzee mmoja Mgoa, fundi wa saa, aliyevaa miwani yake ya kazi na kumfasiria palepale juu ya kaunta. Barua ilikuwa fupi. Ilisema: sina mtu mwingine, naomba nije kukaa kwenu.

Baba hakulala siku mbili. Siku ya tatu alimwambia Bibi, yaani mama yake, na Bibi akasema, "Aje. Mtoto hana kosa." Akaendelea kupeta mchele.

Nataka mnielewe kuhusu Bibi yangu. Hakuwa mtu wa makelele. Sijawahi kumsikia akimtukana mtu, hata yule jirani aliyekuwa akimwaga maji machafu kwenye ngazi. Bibi akikuchukia alikuheshimu. Kadiri alivyokuchukia ndivyo alivyozidi kukuheshimu, na mimi nilikuwa mdogo mno kuutambua mtego huo, kwa hiyo niliishi nikiamini kwamba Bibi yangu ndiye mtu mwenye adabu kuliko wote katika Usultani.

Sebule yetu ilikuwa ya mazulia na matakia. Sote tulikaa chini, kula chini, kunywa kahawa chini, na mchana kulala hapo hapo chini ya mashine ya baridi iliyonguruma dirishani. Kiti kilikuwa kimoja tu, cha mbao, kina mto wa mahameli mwekundu. Kilikuwa cha daktari akija kumpima mtu, cha mwenye nyumba akija kutazama bomba linalovuja, na cha wageni wenye magoti mabovu. Siku Shangazi Zuhura alipoingia, Bibi alimpokea mlangoni, akamfukizia udi, akamnyooshea mkono kuelekea kwenye kiti kile. "Karibu, Bi Zuhura. Kaa hapo upumzike."

Basi alikaa. Na miezi mitano baadaye alikuwa bado amekaa hapo.

Sisi tulikula sinia moja, mikono yetu ikigongana kwenye wali. Yeye aliwekewa stuli mbele ya kiti, sahani ya maua na kijiko. Sisi tulikunywa maji kwenye kikombe kimoja cha bati. Yeye alikuwa na bilauri. Akiinuka kwenda kuosha vyombo, Bibi alimzuia kwa upole: "Hasha, Bi Zuhura! Mgeni haoshi vyombo kwangu." Akitaka kukuna nazi, Bibi alimpokonya mbuzi. "Utajichokesha bure. Nnao watu wa kukuna." Watu wenyewe walikuwa mimi. Mara ya kwanza alipomwita Bibi "Mama", Bibi alitabasamu, akamuuliza kama chai yake ina sukari ya kutosha.

Nilimwonea wivu, sifichi. Mimi tangu asubuhi nilikuwa natumwa: Raya lete maji, Raya funga dirisha, Raya kamtazame mdogo wako, Raya viatu vya baba yako viko wapi. Na huyu hapa, amekaa juu kama bibi harusi, hatumwi hata kuwasha taa. Nilimwambia Mama siku moja kwamba nikikua nataka kuwa mgeni. Mama alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akasema nisirudie maneno hayo mbele ya shangazi yangu.

Kisha ikaja habari ya kazi. Rafiki yake Baba alikuwa na cheo katika kiwanda kimoja cha biskuti huko Rusayl, kwenye eneo la viwanda, na kiwanda kilikuwa kinatafuta wanawake wa kufanya kazi ghalani. Shangazi aliposikia alishuka kwenye kiti mara moja, akamfuata Baba mpaka kwenye ngazi. Alitaka kazi ile. Baba akamweleza sharti lake. Msimamizi wa ghala hakujua Kiarabu wala Kiswahili, na mtihani wake ulikuwa wa vitendo: anakusimamisha katikati ya ghala na kukuamuru kwa Kiingereza, katoni hili weka pale, lile weka kule, juu ya hili, nyuma ya lile. Ukipeleka pasipotakiwa, unaambiwa asante na unaonyeshwa mlango.

Shangazi alikuwa na Kireno kizuri, Kimakua, na Kiswahili cha kuokota kwa wanawake wa pwani. Kiingereza hakuwa nacho. Baba alikuwa akirudi kazini amechoka, Mama ana mtoto mchanga. Ndipo mimi, ambaye sikuwa nimeulizwa, nikasema nitamfundisha. Wakacheka. Lakini kesho yake alasiri Shangazi alikuja mwenyewe kukaa mbele yangu na daftari.

Sasa niwaambie kiwango cha elimu yangu. Kitabu changu cha Kiingereza cha shule kilikuwa na ukurasa mmoja wenye sanduku na mpira. Mpira ndani ya sanduku, juu yake, chini yake, nyuma yake, mbele yake, kando yake. Ukurasa huo niliujua wote, na kusema kweli ndio uliokuwa karibu Kiingereza changu chote. Nilimtangulia mwanafunzi wangu kwa ukurasa mmoja tu. Sanduku letu lilikuwa katoni tupu la maziwa ya unga. Mpira hatukuwa nao, kwa hiyo nilichomoa ndimu kavu moja kwenye chupa ya Bibi jikoni. Jina lake kwa Kiingereza sikulijua, na kitabu kilisema "ball", basi ikawa "ball". Wiki chache baadaye Shangazi aliingia dukani kununua ndimu kavu, akaomba "ball" kwa kujiamini kabisa, na akarudi nyumbani na mpira wa tenisi.

"Where is the ball?" ningeuliza, upepeo mkononi, sauti nimeikaza kama ya mwalimu wangu.

"Ball... in the box," angejibu, jasho linamtoka.

"On the box, Zuhura! On!"

Ndiyo, nilimwita Zuhura. Darasani hakuna shangazi, nilimwambia, na yeye akakubali kwa furaha. Mimi aliniita "professora", kwa lafudhi yake ya kuvuta, na nilivimba kichwa kiasi kwamba kama si dari ningepaa.

Taabu ilikuwa kwamba Kireno chake kilikuwa lugha karimu. Neno moja dogo lilimtosha kwa kila pahala. Kitu kikiwa kwenye meza, kwenye sanduku, kwenye mlango, alitumia neno lile lile, likajigeuza kidogo tu kufuata jina lililo mbele yake. Nilipofikiri nikaona hata sisi tuko hivyo hivyo. Tunasema mezani, sandukuni, mlangoni, na mambo yamekwisha, msikilizaji ana akili zake. Mwingereza hakubali. Yeye lazima ajue kama ndimu imeingia au imepanda. "Kwa nini?" Shangazi aliniuliza. Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi shuleni, kwamba ndivyo ilivyo.

Neno lililotutoa jasho zaidi lilikuwa "at". Kitabu hakikulieleza, kilichora tu mtu na mlango. Nikaona bora nimsimamishe mwenyewe mlangoni, mguu mmoja sebuleni, mmoja ukumbini. Hiyo ndiyo "at", nikamwambia. Umefika lakini hujaingia. Alicheka, kisha kicheko kikamtoka usoni. "Hiyo naijua," akasema.

Tangu siku hiyo tuliachana na ndimu, tukaanza kutumia watu. Yaani yeye. Nilimwamuru asimame nyuma ya pazia, akae chini ya meza ya pasi, alete mto auweke kati ya mimi na ukuta, achukue kandambili azipeleke kando ya kabati. Alikwenda mbio. Mwanamke mzima, mrefu, mwenye mvi moja juu ya kipaji cha uso, anatambaa chini ya meza akicheka mpaka machozi yanamtoka, na mimi napiga upepeo kwenye zulia: "Faster, Zuhura!" Bibi wakati huo alikuwa akisali alasiri na kuendelea na nyiradi zake chumbani, ndiyo maana saa ile ilikuwa yetu.

Kitu kimoja kilinishangaza. Somo likiisha hakutaka liishe. Mimi nimechoka, nataka kwenda kutazama katuni, yeye angali amesimama katikati ya sebule, mikono imening'inia. "Nitume tena, professora," alikuwa akisema. "Moja tu. Nitume." Nilidhani anapenda sana Kiingereza.

Mtihani ulipangwa Jumamosi. Ijumaa iliyotangulia Bibi alikuwa na wageni wa chakula cha mchana, wanawake watatu waliokuwa jirani zake Unguja, ambao wakikutana naye walizungumza wote kwa pamoja na hakuna aliyekosa kusikia. Mama alipika pilau. Sinia lilitandikwa katikati, juu ya mkeka wa chakula, kachumbari, ndizi, achari ya ndimu, na mvuke wa mdalasini ukapanda mpaka kwa Shangazi aliyekuwa juu ya kiti chake, sahani ya maua mbele yake. Wale wanawake walimuuliza mawili matatu, akajibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kisha wakaendelea na yao.

Mimi nilikuwa na wazimu wa kujionyesha. Kabla mtu hajatia mkono kwenye sinia nikatangaza kwamba kesho Shangazi ana mtihani, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha, na kama hawaamini wamtazame. Mmoja wa wanawake akapiga makofi. "Ebo! Hebu tuone!"

Nikasimama. Nikamwamuru aweke bilauri nyuma ya stuli. Akaiweka. Aweke kijiko ndani ya bilauri. Akakiweka. Asimame kati ya mlango na kabati. Akasimama, kidevu juu, na wanawake wakashangilia kama yuko kwenye ngoma. Hata Bibi aliinua nyusi zake, na kwa Bibi hilo si dogo. Sasa kichwa kilikuwa kimenivimba hakiingii tena mlangoni. Nikatafuta amri kubwa, yenye maneno mawili ya mahali kwa pamoja, na macho yangu yakaona nafasi kwenye mkeka.

"Zuhura," nikasema, "sit on the mat, next to Bibi."

Hakwenda mbio safari hii. Alinitazama, akautazama mkeka. Kisha akaja taratibu, akakusanya nguo yake, akashuka. Wanawake walisogea bila kufikiri, kama watu wanavyosogea kwa mwenzao. Alikunja miguu yake, akapandisha mkono wa nguo, mkono wake wa kulia ukatua kwenye magoti ukiwa tayari. Bega lake lilikuwa limegusa bega la Bibi. Uso wake siku ile nauona mpaka leo. Ulikuwa uso wa mtu ambaye ametua mzigo na bado haamini.

Bibi alikuwa ameshika nyama, anaichambua kuwagawia wenzake. Akaiweka.

"Raya," alisema kwa upole mkubwa, "mgeni hawekwi chini. Mpandishe shangazi yako kitini."

Shangazi hakuinuka. Na wala hakumtazama Bibi. Alinitazama mimi.

Nakuombeni msinihukumu haraka. Nilikuwa na miaka kumi, na nilichosikia ni Bibi kumfanyia shangazi yangu heshima. Mgeni hawekwi chini, ni kweli, kila mtu anajua. Nikaona nimekosa adabu mbele ya watu na lazima nirekebishe, na nirekebishe kwa madaha ili onyesho lisiharibike. Nikapiga makofi.

"No, no, no! On the chair, Zuhura!" nikasema. "On the chair!"

Wanawake wakaangua kicheko, na vigelegele juu. Shangazi akasema, "Sim, professora." Ndiyo, mwalimu. Akaweka kiganja kwenye mkeka, akajiinua, akarudi juu. Wali hakuwa ameugusa. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia sinia, anakusanya punje za mchele moja moja mahali ambapo hapakuwa na kilichomwagika.

Jumamosi alifaulu. Baba alisema msimamizi alimpa amri kumi na nne na hakukosea hata moja. Niliruka nyumba nzima. Baada ya mwezi alihama, akapanga chumba na mwanamke mwenzake wa kazini, karibu na kiwanda, ili asihangaike na safari ya kila siku. Bibi alimuaga kwa udi, kopo la haluwa na kanga mpya mbili, akamshindikiza mpaka mlangoni. Sikulia. Nilijua tu kwamba nimemfundisha mtu akapata kazi, na nilijisifu shuleni muhula mzima.

Alikuwa akitutembelea sikukuu. Alikaa kwenye kiti, akala kwenye sahani, akaenda zake. Miaka ikawa inakwenda hivyo, mpaka tukaingia ile ya elfu mbili na mimi nikawa msichana wa chuo. Kwa wakati huo Shangazi alikuwa amepanda cheo, ndiye anayesimamia ghala zima, na alikuwa amepanga nyumba yake mwenyewe, ndogo, yenye uwa. Idi moja akasema mwaka huu tule kwake. Baba alimbembeleza Bibi kwa siku tatu. Bibi alikuwa amezeeka, magoti yalikuwa yamemvimba, na nyumbani kwetu sasa alikuwa yeye ndiye mwenye kiti. Mwishowe alikubali, nadhani kwa kuchoshwa.

Tulipoingia Bibi alisimama katikati ya chumba, ameegemea fimbo, akatazama huku na huku. Palikuwa na zulia, matakia, sinia limeshatandikwa. Hapakuwa na kingine.

"Zuhura hana kiti?" alimuuliza Baba, kama kwamba mwenyewe hayupo.

Shangazi alitoka jikoni anafuta mikono. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka siku nyingi. "Sina, Mama," alisema. "Kwangu hapana wageni."

Baba alianza kusema atakwenda kwa jirani kuazima, na Shangazi akamnyamazisha kwa mkono. Alimwendea Bibi, akachukua fimbo akaiegemeza ukutani, akamshika mikono yote miwili. Bibi alisita. Nilidhani atasema turudi nyumbani. Kisha akaanza kushuka, kidogo kidogo, akiuma meno, uzito wake wote umemwangukia Shangazi, na Shangazi anashuka naye, mpaka wote wawili wakawa chini wanahema. Shangazi alimnyooshea mguu, akamtia mto chini ya goti. Tukaanza kula.

Tulikula, na kidogo kidogo maneno yakaja. Bibi alikuwa anachambua nyama. Sikumwona akiisukuma, ila niliona kipande kizuri cha bega la mbuzi kimefika upande wa Shangazi. Na katikati ya chakula, bila kuinua kichwa, kwa ile sauti yake kavu ambayo mimi niliisikia maisha yangu yote na Shangazi hakuwahi kusemeshwa nayo hata mara moja, Bibi akasema:

"Zuhura, hebu nipe maji."

Bila "Bi". Bila "tafadhali". Baba alipaliwa na wali.

Shangazi aliinuka akaenda jikoni. Alikawia. Nikamfuata, nikamkuta ameshika kikombe chini ya bomba, kimejaa, kinafurika, maji yanamtiririkia mkononi, na yeye hana habari. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Na hapo, mbele ya lile bomba, ndipo ilipoingia kichwani mwangu, kwa kuchelewa karibu miaka kumi. Kiti. Sahani ya maua. "Nitume tena, professora." Niliona kwamba katika nyumba ile iliyojaa watu, saa moja tu kwa siku palikuwa na mtu wa kumwamuru lete, peleka, kaa, inuka, kama anavyoamriwa mtu wa nyumbani. Na mtu huyo nilikuwa mimi, na nilichodhani ni kwamba namfundisha Kiingereza.

Nilifunga bomba. Nikamwambia anisamehe. Nilitaka kueleza ni kwa lipi, lakini hakuningoja nimalize.

"Ile Ijumaa," alisema.

"Ile Ijumaa."

Alijifuta uso kwa mkono wa nguo. "Bibi yako sikumlaumu," alisema. "Yeye mumewe aliaga miezi mitatu. Ningekuwa mimi, labda ningefanya vibaya zaidi. Lakini wewe, Raya..." Akatafuta neno, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilimwona amekwama kama zamani na daftari lake. "Wewe ulikuwa wangu. Na uliponirudisha juu, ndipo nikajua lazima niondoke."

Kutoka sebuleni tulisikia Bibi anauliza huyo aliyetumwa maji ameyafuata Matrah? Nikanyoosha mkono kupokea kikombe, nimpelekee, angalau Shangazi apate kujitengeneza uso.

Alikivuta kikombe kifuani kwake, maji yakamwagika.

"Wacha," alisema. "Nimetumwa mimi."

Akakipeleka mwenyewe.